Helmeti ya Mama Pindo

"Usininyooshee huo mkasi! Mimi si kitambaa!"

"Nakunyooshea, na ukitaka na vipimo nitakuchukua! Mwanao amepita hapa sasa hivi kichwa wazi, juu ya baiskeli ya mwanangu, anateremka kama jiwe lililotoka kwenye manati. Akianguka mtasema nini? Mtasema baiskeli ya Mama Pindo!"

"Kwani mwanangu yai?"

"Kichwa chake ndiyo, yai! Ndiyo maana wa kwangu nimemnunulia helmeti."

"Helmeti!" Msusi akamgeukia mteja wake, dada aliyekuwa amekaa kwenye kigoda, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama kama aliyepigwa na umeme. "Umesikia? Helmeti! Lile si helmeti, mwenzangu, lile ni beseni. Kidoti wako akigeuza shingo, kichwa kinageuka, helmeti inabaki inatazama mbele."

Yule dada akacheka mpaka akashika mbavu. Na kicheko kile, jamani, ndicho kilichomtia Mama Pindo moto, maana kugombana peke yenu ni kitu kimoja, kuchekwa na mtu wa nusu kichwa ni kitu kingine.

Uchochoro wenyewe ulikuwa mwembamba kiasi kwamba mlango wa Mama Pindo na mlango wa Msusi ilitazamana kama watu wawili mezani. Upande huu cherehani imewekwa barazani, mafungu ya nguo za watu chini yake. Upande ule kioo kirefu, vigoda viwili na ndoo ya nywele za bandia. Kuanzia hapo njia iliteremka moja kwa moja hadi barabara ya lami, na pale chini kwenye kona alikaa fundi viatu, mzee mmoja aliyeitwa Babu Redio kwa sababu habari zote zilianzia kwake na hakuna aliyewahi kumzima.

Jina la Mama Pindo nalo lilitoka kwenye kazi. Ukimpelekea sare ya mtoto, alishona pindo la upana wa kiganja. "Atakua nayo," alisema, na kweli watoto wa mtaa mzima walikua na nguo zake, mwaka hadi mwaka, pindo likifunguliwa vidole viwili viwili. Alikuwa na mkono mwepesi na jicho kali: akikutazama unapita, tayari anajua kiuno chako ni inchi ngapi na umeongeza ngapi tangu mwezi jana. Na alikuwa na mtoto mmoja tu, Kidoti, wa miaka tisa.

Helmeti ya Kidoti alikuwa ameinunua kwa utaratibu uleule. Kubwa, atakua nayo. Ilipofika nyumbani mtoto akalalamika kwamba vile visponji vya ndani vinamchoma joto, Mama Pindo akavibandua. Mtoto akalalamika kwamba kile kifungo cha plastiki cha kidevuni kinamfinya ngozi kila kikilia ka! Mama Pindo akakitazama, akakiona ni kazi mbovu ya kiwandani, akachukua wembe akakikata. Mahali pake akashona lastiki pana ya sketi, nyeupe, mishono miwili, na ncha akazikunja ndani zisiwashe. Kazi safi. Hata yeye alijisifu alipomaliza.

Sasa watoto wenyewe walikuwa wamerudi juu, wanahema, baiskeli katikati yao. Shanga, binti wa Msusi, ndiye aliyeshika usukani. Alikuwa na miaka minane na alipewa jina hilo kwa sababu kichwa chake kilikuwa tangazo la biashara ya mama yake: leo amesukwa nywele zote zikapandishwa utosini, zikafungwa fundo kubwa, na kila msuko umemalizika kwa shanga. Akitikisika analia kama kapu la vijiko. Kidoti alisimama kando yake, helmeti imemfunika nyusi.

"Zamu yangu bado moja," Shanga akasema.

"Bado moja," Kidoti akakubali.

"Haya, njoo hapa!" Mama Pindo akamvua Kidoti helmeti, akavuka uchochoro kwa hatua tatu, akambandika Shanga kichwani. "Mimi ninamvalisha! Mimi, si mama yake mzazi! Mashahidi mpo! Kesho asije mtu kuniambia sikumjali mtoto wa mwenzangu!"

Akavuta lastiki, akaiachia chini ya kidevu cha mtoto. Tap!

Na hapo, kwa lile jicho lake, akaona. Helmeti haikukaa kichwani. Ilikaa juu ya fundo. Kati ya ukingo wake na paji la uso wa mtoto palikuwa na nafasi ya vidole vinne. Shanga alipogeuka kupanda baiskeli, ikayumba kama kifuniko cha sufuria inayochemka. Mama Pindo aliona, na kitu ndani yake kikasema mvue. Lakini mwenzake alikuwa ameshafungua mdomo kumjibu, na jibu lilihitaji kujibiwa.

"Asante kwa beseni!" Msusi akapaza sauti. "Na ukimaliza nikopeshe na ndoo!"

Shanga akateremka, shanga zinalia.

Walikuwa bado wanatupiana maneno, na yule dada wa nusu kichwa akiwahesabia alama, waliposikia kishindo. Hakikuwa kikubwa, kama mtu aliyetupa debe tupu. Kisha Babu Redio akapiga ukelele kutoka chini kabisa:

"Mtotooo!"

Msusi akaangusha kitana. Mama Pindo hakujua aliuweka wapi mkasi. Wakashuka pamoja, bega kwa bega, wale wale waliokuwa wakitukanana, kandambili ya mmoja ikabaki njiani na hakuna aliyerudi kuiokota.

Baiskeli ilikuwa imelala kwenye mfereji wa maji machafu, gurudumu la mbele likizunguka polepole. Shanga alikuwa ameanguka ubavu kwenye ukingo wa saruji. Macho wazi, haongei.

Msusi akapiga magoti. "Mwanangu. Mwanangu, nitazame. Mama, nitazame."

Mama Pindo hakupiga magoti. Alisimama palepale, kwa sababu jicho lake lilikuwa limeona kitu kingine. Helmeti haikuwa kando ya mtoto. Ilikuwa juu, nyuma, kwenye lile shimo ambalo kila mwenye baiskeli mtaani alilijua. Mtu anayepima maisha yake yote hahitaji futi: ilikuwa hatua sita kutoka kwa mtoto. Ilikuwa imekaa vizuri, mdomo juu, safi, haina hata mkwaruzo.

Akaelewa kabla hajataka kuelewa. Gurudumu limeruka shimoni, helmeti imetoka. Hatua sita zaidi mtoto ameteremka kichwa wazi, ndipo akagonga. Mshono wake haukukatika, hapana. Mshono ulishika kama anavyoshona yeye. Lastiki ndiyo iliyofanya kazi ya lastiki: imevutika, ikamwachia mtoto, ikarudi mahali pake.

Na wakati yeye anasimama hivyo, Babu Redio akachechemea, akaiokota helmeti, akaishusha, akaiweka kando ya kichwa cha Shanga kwa heshima kama mtu anayeweka shada.

"Hii hapa!" akatangaza kwa watu waliokuwa wanajaa. "Hii ndiyo iliyomwokoa! Nimeona kwa macho yangu! Kama si helmeti hii, saa hizi tungekuwa tunasema mengine!"

Ikawa ndiyo habari. Ilipanda uchochoro haraka kuliko walivyoshuka. Muuza magodoro akatoa gari lake, magodoro yakatupwa chini, Msusi akapanda nyuma na mtoto mapajani, Kidoti akakabidhiwa kwa dada wa nusu kichwa, na mtu akamsukuma Mama Pindo naye apande. "Nenda naye, wewe ndiye uliyemvalisha!" Mtu mwingine akampa helmeti aishike.

Njiani Shanga akaanza kuongea. "Mama, baiskeli iko wapi?"

"Iko nyumbani, mama. Imebaki nyumbani," Msusi akajibu, akalia kwa furaha ya kusikia sauti. Akanyoosha mkono akamshika Mama Pindo goti. "Shoga, nisamehe. Nimekutukana mbele za watu, na wewe umemvalisha mwanangu. Kama si wewe..."

"Usiseme hivyo."

"Nitasema! Nitasema mpaka kwa baba yake. Akirudi na lori lake nitamwambia, fundi ndiye aliyetubakishia mtoto."

Mama Pindo akafungua mdomo. Gari likaruka tuta, mdomo ukajifunga. Helmeti ilikuwa mapajani mwake na lastiki imemzunguka kidole, na hakuwa na habari kwamba alikuwa anaivuta na kuiachia, anaivuta na kuiachia.

Hospitalini palikuwa na benchi ndefu, ukuta wa rangi mbili, na kila aliyekuja na kikohozi chake. Walipoona mtoto aliyeumia wakapisha. Daktari alikuwa msichana tu, macho yamechoka, kalamu mbili mfukoni na hakuna iliyoandika. Akaazima ya muuguzi. Akammulika Shanga machoni, akamshika mikono, akamwambia ahesabu vidole. Shanga akahesabu. Nyuma ya sikio, chini ya misuko, palikuwa na uvimbe mdogo, lakini nywele zilikuwa zimebana na mtoto alipiga kelele alipoguswa, daktari akaacha.

"Alipoteza fahamu?"

"Hapana," Msusi akasema. "Macho yalikuwa wazi."

"Alikuwa na helmeti?"

"Alikuwa nayo! Huyu hapa ndiye aliyemvalisha, jirani yangu."

"Vizuri sana," daktari akasema, akimtazama Mama Pindo kwa tabasamu la kweli. "Laiti wangekuwa wote kama wewe. Na ilibaki kichwani mpaka alipogonga chini?"

"Ilibaki," Msusi akajibu haraka. "Kuna mzee ameona."

Daktari akaandika. Kalamu ikakwaruza karatasi, na Mama Pindo alisikia kila herufi kama mtu anayechana kitambaa. "Basi tutamsafisha mikwaruzo, tutampa dawa ya maumivu. Kaeni hapo kwenye benchi nusu saa, halafu mtaenda naye nyumbani. Mwacheni apumzike."

Wakakaa. Mtoto katikati, mama yake kulia, Mama Pindo kushoto. Nusu saa.

Sema, akajiambia. Akamtazama Msusi, ambaye alikuwa anafuta vumbi shanga za mwanawe moja moja kwa ncha ya kanga. Sema nini? Kwamba nilikata kifungo kwa wembe? Kwamba niliona nafasi ya vidole vinne nikanyamaza ili nisishindwe maneno? Na mtoto si huyu, anaongea, ana tabasamu, daktari mwenyewe amesomea. Nani ataumia nikikaa kimya? Kesho mtaa mzima utanipigia makofi, keshokutwa watasahau. Nikisema, nitavukaje tena ule uchochoro? Atakuja yule baba yake, mtu wa mikono kama matairi. Atauliza, nani amemvalisha mwanangu kifuniko?

"Mama mdogo," Shanga akamwambia, "baiskeli iko wapi?"

"Iko nyumbani, mwanangu."

Mwanamke aliyekaa mbele yao, mtoto mgongoni, alikuwa ameitumbulia macho ile helmeti. "Dada, samahani. Hiyo lastiki umeishona wewe?"

"Eh?"

"Nzuri. Naona haimbani mtoto. Wangu mkubwa kila nikimfunga kile kifungo analia, na mimi nakata tamaa namwacha aende hivyo hivyo. Nikikuletea ya kwangu utanishonea?"

Msusi akadakia kwa fahari, kama anayemwuza ndugu yake. "Huyu? Ni fundi huyu! Mpelekee! Ndiyo iliyomwokoa wa kwangu!"

Mama Pindo akaitazama ile lastiki. Akawaona: watoto kumi, ishirini, kila mmoja na lastiki yake nyeupe, mishono miwili, ncha zimekunjwa ndani, wanateremka.

"Mama," Shanga akasema, "baiskeli iko wapi?"

Msusi akacheka. "Huyu naye! Mapenzi gani na baiskeli! Si nimekwambia iko nyumbani?"

Lakini Mama Pindo hakucheka. Alimtazama mtoto usoni. Shanga hakuwa anatania. Aliuliza kama mtu anayeuliza kwa mara ya kwanza, na alipojibiwa akatikisa kichwa taratibu, akaegemea bega la mama yake, akafumba macho.

"Nina usingizi," akasema.

"Lala, mama. Daktari kasema upumzike."

Mama Pindo akasimama. Hakujiona akisimama, alijikuta tu yuko mlangoni kwa daktari, mbele ya mgonjwa mwingine aliyekuwa anavua shati, na nyuma yake anasikia kandambili moja ya Msusi ikimfuata. "Shoga, vipi? Kuna nini?"

"Daktari," akasema. "Haikuwa kichwani."

"Nini haikuwa?"

"Helmeti. Ilitoka shimoni, juu. Niliiona ilipoanguka. Hatua sita. Mtoto amegonga saruji kichwa wazi. Yule mzee ameiokota akaiweka pale. Na anauliza swali moja, ameuliza mara tatu, na sasa anataka kulala."

Daktari akaacha alichokuwa anafanya. Akaipokea helmeti, akaigeuza, akatazama ndani mahali palipokuwa na sponji. Akaingiza kidole kimoja chini ya lastiki, akaivuta. Ikaja. Ikaja mpaka ikavuka ukingo wa mbele wa helmeti bila kelele yoyote.

"Mama, hii ni lastiki ya nini?"

"Ya sketi."

"Nani ameiweka?"

"Mimi. Kifungo kilikuwa kinamfinya mwanangu kidevu. Na nikanunua kubwa ili akue nayo. Na leo nilipomvalisha huyu niliona haijakaa. Niliona, daktari."

Hakugeuka kumtazama Msusi. Alisikia tu jinsi mwenzake alivyovuta pumzi na hakuitoa.

Baada ya hapo mambo yakaenda mbio. Muuguzi akaja na kitanda cha magurudumu. Wakamwamsha Shanga, akaamka kwa shida. Akatapika kwenye shuka. Daktari akaomba mkasi, akalikata lile fundo la utosini, lote, shanga zikamwagika sakafuni na kutawanyika chini ya benchi na miguu ya watu, na Msusi, ambaye alikuwa ametumia saa nne kulijenga, hakuokota hata moja. Wakamsukuma mtoto kwenye chumba cha picha. Mlango ukafungwa.

Wanawake wawili wakabaki kwenye korido. Hapakuwa na saa ukutani, na afadhali. Msusi alisimama akiutazama mlango. Mama Pindo alisimama akiutazama mgongo wa Msusi. Aliomba kimya kimya, akiahidi vitu vyote alivyokuwa navyo na vingine ambavyo hakuwa navyo.

Daktari alipotoka alizungumza polepole, kama anayevusha watu kwenye ubao mwembamba. Kuna ufa kwenye fuvu, nyuma ya sikio. Na kuna damu kidogo imeingia ndani. Kidogo. Mtoto atalazwa, atatazamwa kila saa, na kama damu itaongezeka watampasua. Kama haitaongezeka, atapona.

"Angeenda nyumbani akalala..." daktari akaanza, halafu akaona nyuso zao, akaikata sentensi hapo hapo.

Ndipo Msusi akageuka. Mama Pindo akajiweka tayari kwa kofi. Hata shavu alilitega kidogo. Kofi halikuja.

"Nenda nyumbani," Msusi akasema. Basi. Hakuna tusi, hakuna kejeli, kutoka kwa mwanamke ambaye hakuwahi kukosa la kusema. Mama Pindo angelipa chochote apate lile kofi.

Siku tatu cherehani haikulia. Watu walipita wakashangaa: fundi anaumwa? Fundi alikuwa ndani, mkono juu ya meza, anasikiliza. Kila hatua uchochoroni aliidhani ni ya mtu anayeleta habari ya msiba. Habari zilikuja, lakini vipande vipande: damu haijaongezeka, mtoto amekunywa uji, mtoto ameuliza baiskeli, akajibiwa, hakuuliza tena.

Usiku wa kwanza Kidoti hakutaka chakula. Alikaa kitandani, magoti kidevuni.

"Mama."

"Sema."

"Mimi nimeivaa tangu likizo."

"Najua."

"Kila siku nashuka pale."

"Najua, mwanangu."

"Kumbe nilikuwa sijavaa kitu."

Mama Pindo alimkumbatia akamshikilia mpaka mtoto akasema mama unanibana. Angesema nini, kwamba nia ilikuwa njema?

Siku ya pili yule mwanamke wa hospitalini akatokea kweli, helmeti ya mwanawe mkononi. Mama Pindo akamkalisha, akamweleza yote tangu wembe hadi picha ya fuvu, akamwonyesha namna ya kurefusha ule mkanda wenyewe wa kiwandani, kidogo kidogo, ili kifungo kisishike ngozi, na helmeti ikae chini, juu tu ya nyusi, isicheze. "Atalia," akamwambia. "Mwache alie." Halafu akashuka mpaka kona kwa Babu Redio, kwa sababu bila yeye ukweli usingefika popote.

"Haiwezekani," Babu Redio akasema, msumari mdomoni. "Nimeona kwa macho yangu."

"Macho gani, Babu? Juzi umemshonea mtu viatu viwili vya mguu wa kushoto."

"Yule miguu yake ndivyo ilivyo!" Lakini akautoa msumari, akamtazama vizuri. "Unataka nitangaze kwamba wewe ndiye?"

"Tangaza."

"Watakusema, binti yangu."

"Waseme. Ila waambie na lastiki. Usisahau lastiki."

Na kwa kuwa alikuwa Babu Redio, jioni ile mtaa wote ulijua, kwa chumvi yake na pilipili juu.

Siku ya tatu alimpeleka Kidoti dukani kununua helmeti nyingine. Muuzaji, kijana mwenye maneno, akashusha moja kutoka rafu ya juu. "Chukua hii kubwa, mama, atakua nayo."

Mama Pindo akamrudishia. "Sitaki akue nayo," akasema. "Nataka imkae leo." Akamtikisa mtoto kichwa mbele, nyuma, upande, mpaka wateja wakageuka kutazama. Ya Shanga hakununua. Huwezi kukisia kichwa cha mtoto, na kichwa chenyewe kilikuwa kwenye bandeji, tena angeipelekaje? Angesema nini mlangoni?

Siku ya nne, mchana, lori likaingia pale chini kwenye lami, likashusha pumzi yake ndefu. Mama Pindo aliijua breki ile. Baba Shanga. Alikuwa ameitwa kutoka safarini, njiani siku tatu na nusu, na sasa amepitia hospitali, amemchukua mtoto. Mama Pindo akavuta pazia, akabakisha ufa wa jicho moja. Akawaona wanapanda: yule baba mkubwa kama kabati, amembeba Shanga begani, kichwa kimenyolewa, kimefungwa kitambaa cheupe. Bila shanga kilikuwa kichwa kidogo mno. Kidogo kama yai, na alitamani asingewahi kulisema neno hilo.

Wakaingia. Mlango ukafungwa. Akasikia sauti ya mwanamume, nzito, ikiuliza kitu. Sauti ikauliza tena, juu zaidi.

Mlango ukafunguliwa. Msusi akatoka, peke yake, kijiko cha kupakulia bado mkononi, akavuka uchochoro kwa zile hatua tatu. Mama Pindo akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa meza.

"Nakuona miguu chini ya pazia," Msusi akasema kutoka nje. "Umejificha kama mtoto aliyevunja sahani."

Mama Pindo akalisogeza pazia. Wakatazamana kwa mara ya kwanza tangu korido. Msusi alikuwa amekonda siku nne kama wiki nne; hata nywele zake mwenyewe hakuwa amezichana.

"Anauliza ilikuwaje," Msusi akasema.

"Umemwambia?"

"Sijamwambia. Nimwambie nini? Kwamba fundi amemvalisha lastiki?" Akakitazama kijiko. "Tangu mwaka juzi, kila safari, ananiachia maagizo: mnunulie mtoto helmeti. Kila safari. Na mimi nasema nitanunua, nasema haingii juu ya nywele, nasema mtoto ataonekana kituko. Anadhani nilinunua zamani. Nilimwambia nimenunua. Lile fundo nililifunga mimi, Mama Pindo. Kwa mikono hii. Kubwa, ili watu walione."

Kutoka ng'ambo sauti nzito ikaita, "Mama Shanga! Uko wapi?"

Wote wawili wakashtuka, kwa pamoja, kama walivyoshtuka siku ile waliposikia kishindo.

"Nikija atanifukuza," Mama Pindo akanong'ona.

"Labda. Labda na mimi." Msusi akamshika kifundo cha mkono, kwa nguvu. "Utasema ya kwako na mimi nitasema ya kwangu. Siwezi kukaa kwenye ile meza peke yangu. Mwite na Kidoti, Shanga anamuulizia. Nimepakua sahani tano, chakula kinapoa. Vua hiyo futi shingoni, njoo ndani tule."